Nyumba Mbili, Mtandao Mmoja

Je, umewahi kusimama chini ya mwembe saa nne za usiku, mtoto mgongoni na kompyuta mikononi, huku ukiomba kimoyomoyo mtandao usikatike? Sisi tumewahi. Tunaandika habari hii kwa sababu tunajua akina mama wengi siku hizi wana ofisi nyumbani, na wengi wao wanakaribia kufanya kosa tulilolifanya sisi.

Hapa kwetu Sibwesa, katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, familia yetu ina majengo mawili katika kiwanja kimoja. Mbele, karibu na barabara, kuna banda la tofali za kuchoma lililoezekwa kwa mabati. Hiyo ndiyo ofisi yetu: meza moja, kompyuta, printa na benchi la wateja. Nyuma yake, umbali wa hatua hamsini, ardhi inainuka kidogo, na hapo ndipo ilipo nyumba tunayolala. Mchana tunachapa barua, tunarudufu vyeti, na tunawasaidia majirani kujaza fomu ambazo siku hizi hazipatikani tena kwenye karatasi: maombi ya vyuo, mikopo ya wanafunzi, kazi za Serikali, leseni za biashara. Jioni tunapenda kazi ya hesabu ifanyike nyumbani, watoto wakiwa karibu, sufuria ikiwa jikoni, na daftari la kikundi chetu cha kuweka na kukopa likiwa mezani.

Mpango ulikuwa mzuri, ila mtandao ulikuwa na mapenzi yake. Mawimbi ya mnara wa simu yalifika vizuri nyumbani kule juu, lakini ofisini yalikuja na kuondoka kama kivuli cha wingu. Tulizoea kuwaambia wateja, "Subiri kidogo, mtandao unasumbua." Tulilisema mara nyingi mpaka likawa kama salamu.

Usiku wa chini ya mwembe

Kisha ikaja siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Binti wa jirani yetu, mtoto tuliyemfundisha shule ya Jumapili, alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alikuja ofisini saa nane mchana akiwa na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Tulipokea fedha yake na kuanza kazi. Fomu ilijaa, lakini kila tulipotaka kupandisha picha ya cheti, ukurasa ulikwama katikati. Ikawa saa kumi, ikawa saa kumi na mbili, jua likazama. Mwishowe binti alisema kwa sauti ndogo, "Mama, tuache tu. Labda si riziki yangu."

Neno lile lilituchoma. Tulibeba kompyuta na kupanda nalo giza hadi kwenye mwembe ulio ubavuni mwa nyumba, mahali ambapo simu hukamata vizuri. Tuliiweka simu kwenye panda la mti, tukakaa chini na kuanza upya. Maombi yalipokelewa saa nne na dakika ishirini usiku. Binti alilia, nasi tulilia naye.

Lakini baada ya kumsindikiza kwao hatukupata usingizi. Tulimshukuru Mungu, kisha tukajiuliza swali gumu: tulikuwa na haki gani ya kupokea fedha ya mtoto wa watu, tukijua kwamba ofisi yetu haina mtandao wa kutegemewa? Laiti maombi yale yasingepokelewa, yeye ndiye angepoteza mwaka. Sisi tungepoteza mteja mmoja tu.

Ruta yenye antena sita

Wiki ile ile baba watoto alikwenda Mpanda mjini. Tulikubaliana anunue ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa kwa mawimbi kwenye simu na kompyuta za nyumbani, bila waya. Fedha tuliyotumia ilikuwa imetengwa kwa godoro na sare za binti yetu aliyeko shule ya bweni. Tulijipa moyo kwamba ofisi ingeirudisha kabla shule hazijafunguliwa.

Alirudi na kisanduku cha kupendeza chenye antena sita. Watoto walikizunguka kama waliomwona ndama mpya. Tulikichomeka kwenye umeme, taa zikawaka. Tulitafuta mahali pa kuweka laini ya simu. Tuligeuza juu, chini na pembeni. Hapakuwa na tundu la laini hata moja.

Ndipo tulipoelewa. Ruta ile ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo tayari imefikiwa na waya wa intaneti kutoka kampuni ya mawasiliano, kama zilivyo baadhi ya nyumba za mijini. Yenyewe haiwezi kuzungumza na mnara wa simu. Kwetu hakuna waya kama huo. Tulikuwa tumenunua bomba zuri bila kuwa na kisima.

Tusifiche, usiku huo maneno makali yalisemwa. Mmoja alisema, "Kwa nini hukuuliza?" Mwingine akajibu, "Kwa nini hukuniambia cha kuuliza?" Na ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyejua cha kuuliza. Binti yetu alirudi shuleni na godoro lake la zamani. Hakulalamika, na huko kutolalamika kwake ndiko kulikotuuma zaidi.

Wahenga walisema, kupotea njia ndiyo kujua njia. Miezi iliyofuata tuliuliza mafundi, tulisoma na kujaribu. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunayatoa kwa mpangilio ambao tungetamani mtu atupe sisi kabla ya safari ile ya Mpanda.

Kwanza: intaneti inaingilia wapi?

Kabla ya kutazama bei, jibu swali hili moja. Kama mtaa wako una waya wa intaneti unaofika hadi nyumbani, nunua ruta ya waya. Kama unategemea mnara wa simu, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya Katavi, nunua ruta yenye tundu la laini ya simu. Makasha yake hufanana sana dukani, kwa hiyo usiaminie picha. Omba kisanduku kifunguliwe ulione tundu kwa macho yako.

Uliza mambo mengine matatu ukiwa bado dukani. Je, ruta hii imefungwa kutumia laini za kampuni moja tu? Je, inakamata masafa ya mtandao wa kampuni ambayo mnara wake uko karibu na kwako? Na je, ni aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA? Muuzaji mzuri hatachukia maswali hayo. Mwombe akuandikie risiti, na mkubaliane mapema kama unaweza kuirudisha.

Hata kabla ya kwenda dukani, kuna jaribio lisilogharimu chochote. Azima laini za kampuni mbili au tatu kutoka kwa majirani. Kaa na simu moja katika kila jengo asubuhi, mchana na jioni, na uandike kwenye daftari ni laini ipi ilifungua ukurasa haraka. Sisi tulifanya hivyo kwa siku tatu. Tuligundua kwamba kampuni tuliyoizoea kwa miaka haikuwa ya kwanza kwenye kiwanja chetu. Mali bila daftari huisha bila habari, na mtandao ni vivyo hivyo.

Pili: kwa nini antena nyingi hazikutosha?

Akina mama wengi hufikiri, kama tulivyofikiri sisi, kwamba ruta kubwa itapeleka mawimbi mbali zaidi na shida itaisha. Fikiri hivi. Mama yuko nyumbani, mtoto yuko mtoni. Mama akichukua kipaza sauti na kumwita, mtoto atasikia. Lakini mtoto akijibu kwa sauti yake ndogo, mama hatasikia neno. Ruta na simu huzungumza kwa kupokezana. Ruta ikipaza sauti namna gani, simu yako ina antena ndogo na betri ndogo, na jibu lake huishia njiani. Ndiyo maana unaweza kuona alama za waifai zimejaa kwenye simu, na bado ukurasa haufunguki.

Zaidi ya umbali kuna vizuizi. Bati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ukuta mnene wa tofali huyapunguza. Maji huyameza, na hapa tulijicheka wenyewe, maana dirisha tulilokuwa tukiweka simu ya kugawa mtandao lilitazamana na tangi letu la maji, ambalo lilisimama katikati ya njia ya kwenda ofisini. Majani mabichi ya miti nayo ni maji. Wakati wa mvua, ambazo kwetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, miti hustawi na hali huwa mbaya zaidi.

Ruta nyingi za sasa hutumia masafa ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 huenda mbali zaidi na hupenya kuta vizuri kidogo, ila ni ya polepole. Ya gigahezi 5 ni ya kasi, lakini huchoka haraka na huogopa ukuta. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5. Ukiwa chumba cha tatu, tumia ya 2.4. Kwa majengo mawili ya tofali yenye mabati, usitegemee yoyote kati ya hizo ivuke peke yake.

Usidanganywe pia na namba kubwa za kwenye kasha. Ruta inayoandikwa 1200, kwa mfano, imejumlisha kasi ya masafa yote mawili, takriban 300 na 867, tena katika hali ya maabara. Kama mnara unakupa sehemu ndogo tu ya hiyo, ruta haiwezi kukupa kisichoingia. Hali kadhalika vizazi vya waifai. Kizazi cha 4 kilitoka mwaka 2009, cha 5 mwaka 2013, na vifaa vya kizazi cha 6 vilianza kuthibitishwa mwaka 2019. Kwa ofisi ya kuchapa na kujaza fomu, kizazi cha 5 kinatosha kabisa, na hata cha 4 hakitakuaibisha.

Tatu: njia kati ya nyumba mbili

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Swali la majengo mawili si "ruta ipi ina nguvu?" bali ni "nitavushaje mtandao kutoka jengo hili hadi lile?" Kuna njia tatu.

Njia ya kwanza ni kirudishio, kifaa kidogo kinachopokea mawimbi na kuyatuma tena mbele. Ni cha bei nafuu na hakihitaji kuchimba. Lakini kile cha kawaida hutumia masikio na mdomo ule ule kupokea na kutuma, hivyo kasi hupungua hadi karibu nusu. Na ukikiweka mahali ambapo mawimbi tayari ni dhaifu, kitarudia udhaifu huo huo. Kinafaa ndani ya nyumba moja yenye vyumba vingi, si kwa kuvuka uwanja wenye kuta mbili nene.

Njia ya pili ni vifaa viwili vya nje vinavyotazamana, kimoja kwenye kila jengo, juu ya nguzo au ukuta. Hivi hutupiana mtandao kama watu wawili wanaomulikiana tochi. Ni vizuri sana kwa umbali mkubwa, au mahali ambapo barabara ya umma hupita katikati na huwezi kuichimba. Sharti lake ni moja: ni lazima vionane. Tawi likikua katikati, likatwe.

Njia ya tatu ni waya wa mtandao. Waya wa kawaida wa shaba hufanya kazi vizuri hadi meta 100, na viwanja vya wengi wetu havifiki huko. Mwisho wa waya unaweka kifaa cha pili kinachogawa waifai ndani ya jengo la pili. Waya haujali bati, tofali, tangi wala mvua. Sisi tulichagua hii.

Hebu sikia jambo lililotufurahisha. Fundi alipokuja kupima, aliiona ile ruta ya antena sita imekaa juu ya kabati ikipata vumbi. Akauliza, "Na hii je?" Tukamweleza aibu yetu. Akacheka na kusema, "Mama, hii ndiyo mnayoihitaji kule ofisini." Ruta ambayo haikuweza kuzungumza na mnara iliweza kupokea waya. Kwa hiyo tulinunua ruta ndogo ya laini, ya bei nafuu, tukaiweka nyumbani kwenye dirisha linalotazama upande wa mnara. Waya ukatoka hapo hadi ofisini, na ile ya antena sita ikapata kazi yake. Tulikumbuka habari ya jiwe ambalo waashi walilikataa.

Kama utafanya hivyo, mwambie fundi wako mambo haya. Waya uwe wa kutumika nje, na uwe wa shaba halisi, si alumini iliyopakwa shaba. Upitishwe ndani ya bomba la plastiki na ufukiwe vizuri, mbali na waya wa umeme. Ruta ya pili izimwe kazi ya kugawa anwani, inayoandikwa DHCP, na waya uchomekwe kwenye tundu la LAN, si la WAN. Katika nyumba moja mpakuaji wa chakula huwa mmoja. Wakiwa wawili, wengine watapata mara mbili na wengine watalala njaa. Jina la waifai na neno la siri viwe sawa katika majengo yote mawili, ili simu yako isihitaji kuunganishwa upya kila unapovuka uwanja.

Tahadhari moja kubwa ni radi. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unaweza kupitisha mshtuko wa radi na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Ukisikia ngurumo zinakaribia, chomoa waya huo na waya wa umeme katika majengo yote mawili. Ikiwa ngurumo zimekwisha kufika, usiguse, ni afadhali kifaa kuliko uhai. Kuna pia waya wa nyuzi za kioo, ambao hupitisha mwanga badala ya umeme na hivyo ni salama zaidi kwa radi, ila huhitaji vifaa vya ziada na fundi mwenye ujuzi.

Nne: umeme

Ruta inayoandikwa volti 12 na ampea 1 haiwezi kula zaidi ya wati 12. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba takriban wati-saa 240. Kama ni betri ya risasi, si vema kuimaliza, tumia nusu, yaani 120. Gawanya kwa 12, na utaona inaweza kulisha ruta moja kwa saa kumi, au mbili kwa saa tano. Hesabu hiyo ndogo ilituondolea hofu ya umeme kukatika mteja akiwa kwenye benchi.

Lakini usiunganishe ruta moja kwa moja na betri inayochajiwa. Betri ya volti 12 ikichajiwa na sola inaweza kupanda hadi zaidi ya volti 14, na ruta ikaungua. Nunua kifaa kidogo cha kutuliza volti, au zile betri ndogo zilizotengenezwa mahsusi kwa ruta.

Tano: mlango wenye funguo

Ofisi yetu hushika mambo ya watu: namba za vitambulisho, vyeti, hesabu za kikundi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, Mkristo anajua kwamba siri ya jirani ni amana. Siku ya kwanza badilisha neno la siri lililokuja na ruta, lile la waifai na lile la kuingilia kwenye mipangilio yake. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Kama ruta ina nafasi ya mtandao wa wageni, wape wateja huo, na wa kazi ubaki wa kazi.

Hii pia itakuokolea bando. Cheti kilichopigwa picha vizuri hakizidi megabaiti chache, hivyo gigabaiti moja inatosha kutuma mamia ya vyeti. Lakini saa moja ya video inaweza kula karibu gigabaiti nzima. Simu ya mgeni ikianza kujisasisha yenyewe, bando la wiki huondoka kabla chai haijapoa.

Jambo jingine ambalo wake wengi hatulifikirii: laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa jina la nani? Usajili wetu hutumia alama za vidole. Kama mwenye jina yuko safarini na laini ikaharibika, ofisi nzima itasimama hadi arudi. Zungumzeni jambo hilo wawili, kwa amani. Maneno ya siri nayo yaandikwe na kuhifadhiwa mahali ambapo mume na mke wote wanapajua. Pasipo na siri kati yao, ruta haitazileta.

Mtandao na watoto wetu

Tulipomaliza kufunga, mtandao ulifika kila pembe ya nyumba, na hapo tukagundua kwamba tumefungua mlango mwingine. Ruta haimjui mtoto wala mtu mzima. Inapeleka tu kinachoitwa. Kwa hiyo tuliweka taratibu tatu. Ruta ya nyumbani iko sebuleni, na simu hutumika sebuleni, si kitandani. Saa tatu usiku ruta inazimwa, na baada ya hapo ni sala na kulala. Na wakati wa chakula hakuna anayeshika simu, hata kama mteja anapiga.

Utaratibu wa mwisho ulikuwa mgumu zaidi kwetu wazazi kuliko kwa watoto. Ofisi ikiwa na mtandao hadi chumbani, kazi nayo hukufuata hadi chumbani. Yule mke mwema wa Mithali sura ya 31 anasifiwa kwa bidii yake ya usiku na alfajiri, lakini sifa hizo zinatoka vinywani mwa watoto wake na mume wake. Kama wao wanatuona migongo tu, tumeinama kwenye kompyuta, watatusifu kwa lipi?

Aketi kwanza ahesabu

Katika Luka sura ya 14, Bwana wetu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, akatukumbusha kwamba hesabu hutangulia msingi. Zamani tulisoma habari ile tukidhani inawahusu matajiri na mafundi wa mawe. Leo tunajua kwamba inamhusu pia mama anayetaka kununua kisanduku kidogo chenye taa. Kama tungekaa chini jioni moja na daftari, tukajiuliza intaneti inaingilia wapi na itavukaje uwanja, godoro la mtoto wetu lingenunuliwa kwa wakati wake.

Godoro hilo tulilinunua likizo iliyofuata, kwa fedha iliyotoka ofisini. Kabla ya hapo tulimwomba binti yetu msamaha, baba na mama tukiwa pamoja mbele yake. Alishangaa, maana hakuwa amezoea kuona wazazi wakimwomba mtoto msamaha. Hata hivyo tunaamini ilikuwa sehemu ya kazi ile, kama waya na bomba.

Na ofisini? Benchi bado lipo, wateja bado wanakuja. Siku moja wakati wa mvua kijana mmoja alikuja na fomu yake, akatazama wingu jeusi lililotanda, akauliza kwa wasiwasi, "Shikamoo mama. Mtandao upo leo?"

Tulimjibu, "Marahaba mwanangu. Upo. Kaa, tufanye haraka kabla ngurumo hazijafika."

Kwa ufupi, kabla hujanunua

1. Jua intaneti yako inaingilia wapi: kwa waya au kwa laini ya simu.
2. Pima kwa simu katika majengo yote mawili, kwa siku tatu, na uandike.
3. Usinunue nguvu, nunua njia: waya hadi meta 100, au vifaa viwili vinavyotazamana.
4. Piga hesabu ya umeme, na ujihadhari na radi.
5. Badilisha maneno ya siri siku ya kwanza.
6. Kubalianeni mume na mke juu ya fedha, jina la laini na saa ya kuzima.

Swali la kujadili katika kikundi chenu cha akina mama: Je, kuna kitu ambacho familia zetu zilikinunua kwa haraka, na nani aliyelipa gharama yake bila kulalamika?